Niache kazi ya forodhani Malaba niishi kwa poka?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 27, ni wakala wa kutoa mizigo forodhani hapa Malaba. Tangu utotoni nacheza matatu, ule mchezo wa karata, na baadaye jamaa mmoja akanifundisha poka. Jumamosi tunacheza kwa rafiki yetu Tororo, na usiku nacheza kidogo kwenye simu. Mwezi uliopita nilipata zaidi ya mshahara wangu. Nataka kuacha kazi, nihamie Kampala, nicheze tu. Mama anasema hiyo ni kamari. Niambie ukweli: mtu anayeishi kwa poka siku yake inakwendaje, akitoka mezani anafanya nini, na akifika miaka arobaini anakuwa wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu fupi ili usisome barua hii roho juu: usiache kazi sasa. Mimi nimekula kwa karata hapa Kampala kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kufundisha takwimu, kwa hiyo sisemi haiwezekani. Nasema bado hujajua kama unaweza, na kulijua hilo kunataka muda mrefu, muda ambao mshahara wa Malaba unaweza kuulipia.

Mama yako hajakosea. Poka ya pesa hapa Uganda iko chini ya sheria ya mwaka 2016 ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha, sheria ileile ya kasino na vibanda vya kubeti mpira, na umri wa chini ni miaka 25. Wewe umepita. Mdogo wako kama ana 22 asikae mezani hata kwa kukushikia karata ukienda msalani. Na kama kwenu ni Waislamu, aya ya 90 ya Sura ya al-Maida imeshalimaliza jambo hili. Hesabu zangu hapa chini hazilifungui upya. Hilo ni lako na Mola wako, na tafadhali usilipeleke kwa mama kama mjadala wa asilimia.

Tofauti iliyopo ni hii. Ukibeti mpira, unapambana na kampuni iliyojipangia bei yenyewe. Kwenye poka unapambana na watu walioketi nawe, nyumba, yaani mwenye meza, inachukua makato yake katika poti, zile pesa zilizowekwa katikati ya meza, na haijali nani ameshinda. Kwa hiyo faida ya muda mrefu ipo, kwa sharti moja: uwazidi wenzako kwa kiasi cha kulipa makato na bado kibaki cha kula. Umecheza matatu, unalifahamu hilo. Kuna yule jamaa unayemfunga leo na kesho, lakini mkihesabu mwaka mzima ndiye aliyekula hela za kijiwe chote.

Tatizo ni kwamba kwenye poka huo mwaka mzima ni mrefu kuliko unavyodhani. Wachezaji hupima faida kwa blaindi kubwa, lile dau la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa. Mtandaoni, anayepata blaindi 5 kwa kila migao 100, yaani karata zikigawiwa mara 100, ni fundi kweli. Lakini katika migao hiyohiyo 100, matokeo yake hupanda au kushuka kwa blaindi 90 hivi, ndiyo tunayoiita mkengeuko. Sasa mpe huyo fundi migao 10,000. Anatarajiwa kupata blaindi 500, na mkengeuko wake umefika 900. Ukiziweka namba hizo kwenye kanuni, fundi huyu, aliyecheza vizuri mwanzo hadi mwisho, ana uwezekano wa karibu asilimia 29 wa kumaliza akiwa amepoteza. Afike migao 100,000 ndipo uwezekano huo ushuke hadi kama asilimia 4.

Anayefungua meza nne kwa pamoja kwenye kompyuta hupitisha migao 280 hivi kwa saa, kwa hiyo 10,000 ni kazi ya saa 36. Tororo mnagawa labda 30 kwa saa, na hapo ni siku ambayo mgawaji hajalewa. Migao 10,000 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 330. Ukicheza Jumamosi tu, saa sita kila mara, mwaka utaisha hujaimaliza. Huo mwezi wako mzuri, kwa vipimo hivyo na ukiacha ya simu, ni migao 700 na kidogo. Katika migao 700 hata mchezaji mbovu anaweza kununua pikipiki.

Ni kweli kwamba meza ya marafiki huwa na wachezaji dhaifu, na faida kwa kila mgao ni nono kuliko mtandaoni. Lakini ukihamia Kampala huhami na meza hiyo. Utakuta wachezaji wachache, walewale kila wiki, nusu yao wamekuja kwa nia kama yako, na yule mfanyabiashara mwenye pesa za kuchezea anayemwinda kila mtu hatokei kila usiku. Akiacha kuja, meza inabaki ya mafundi wanaokulana wenyewe huku nyumba ikikata chake. Mji wenye meza chache hauwezi kulisha wengi, na hili ndilo linaloamua maisha ya mchezaji wa hapa kuliko kipaji chake.

Mtandaoni wachezaji hawakosekani, lakini angalia pesa zenyewe. Tuseme umefika meza za blaindi kubwa ya senti 25 za dola. Hiyo faida ya fundi, blaindi 5 kwa migao 100, ni dola moja na robo. Kwa migao 280 ni dola 3.5 kwa saa. Cheza saa 120 kwa mwezi, na hizo ni saa za kucheza tu, kusoma hakumo: dola 420. Ukichukua dola moja kuwa shilingi 3,600, ni shilingi milioni moja na nusu na kidogo, kabla hujalipa intaneti, kabla ya kodi, na pato la mwezi huo linaweza likaja mara mbili yake au likaja hasi. Ili ukae kwenye meza hizo bila kufilisiwa na bahati mbaya ya kawaida unahitaji mtaji wa viingilio 30 hadi 50, kiingilio kikiwa pesa unayoketi nayo mezani. Kiingilio ni dola 25, kwa hiyo viingilio 40 ni dola 1,000, shilingi milioni 3.6 ambazo hazigusi kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Pembeni yake, pesa nyingine ya kuishi miezi sita angalau. Anayekula kutoka kwenye mtaji amekwisha, hata kama anashinda.

Tovuti nyingi za nje hazina leseni ya hapa. Zikikufungia akaunti huna mlango wa kugonga, na anayejificha kwa VPN, programu ya kuficha ulipo, amewapa sababu ya kuifunga. Pesa ikirudi salama ikaingia kwenye simu, kuitoa kuna ada ya mtandao na ushuru wa serikali wa asilimia 0.5. Ni kidogo, lakini faida ya mchezaji nayo ni ya vidogo hivyohivyo. Kuhusu kodi ya ushindi, nenda ofisi ya URA, mamlaka ya mapato, ukiwa na maswali yaliyoandikwa. Wewe unafanya kazi jirani nao, huna kisingizio.

Sasa siku yenyewe inavyokwenda. Watu hufikiri ni usiku wa blafu, kujifanya una karata nzuri, na miwani myeusi. Ukweli ni kwamba unatupa karata. Mchezaji mzuri kwenye meza iliyojaa hutupa kama robo tatu ya karata anazopewa, wakati mwingine zaidi. Esi mbili zinakuja kwa wastani mara moja katika migao 221. Kwa mwendo wa meza ya Tororo ni mara moja katika saa saba. Muda uliobaki unakaa, unatazama nani anapandisha akiwa na nini, nani ameanza kunywa haraka, nani amepigiwa simu na mkewe akarudi na hasira.

Nikuonyeshe uamuzi mmoja, maana kazi yote iko humo. Poti ina shilingi 60,000, karata nne ziko wazi mezani na mbili ziko mkononi mwako, kwa jumla una kopa nne na unasubiri ya tano ili ushinde. Mwenzako anaweka 30,000. Ukifuata, unatoa 30,000 kupata 90,000, kwa hiyo lazima ushinde angalau mara moja katika nne. Karata usizoziona ni 46, kopa zilizobaki ni 9. Hiyo ni asilimia 19.6. Haitoshi. Kila ukifuata hapo umetoa, kwa wastani, shilingi 6,500, hata siku ambayo kopa inatoka na meza nzima inakupigia makofi. Isipokuwa una sababu ya kuamini kwamba ikitoka, mwenzako atakulipa tena 33,000 na zaidi kwenye karata ya mwisho. Hapo kufuata kunaanza kulipa. Je, huyu ni mtu wa kulipa? Umemwona akilipa lini? Unalijibu hilo kwa sekunde kumi, saa tisa ya usiku, baada ya kupoteza poti mbili kubwa kwa bahati mbaya. Halafu unalijibu tena kesho.

Hesabu hiyo mtoto wa sekondari anaifanya. Kinachoshinda watu ni kuifanya wakiwa na hasira. Mchezaji aliyekasirika anaanza kufuata kila dau ili arudishe, na usiku mmoja wa namna hiyo unakula faida ya miezi. Ndiyo maana ulivyouliza anafanya nini akitoka mezani nilifurahi. Wengi huuliza kuhusu magari.

Mapumziko kwa mchezaji wa poka ni sehemu ya kazi. Wengi walioshika vichwa vya orodha za dunia walitoka kwenye michezo mingine au walibaki nayo: Bertrand Grospellier wa Ufaransa alikuwa mchezaji wa kulipwa wa StarCraft, mchezo wa kompyuta, Gus Hansen wa Denmark alitokea kwenye backgammon, mchezo wa ubao na dadu, Dan Harrington, bingwa wa dunia wa 1995, alikuwa mtu wa sataranji na mwanasheria. Kwa hapa kwetu, tafuta kitu ambacho hakina dau. Omweso, bao letu la Uganda, ni mzuri sana kwa kichwa, mashimo 32 na kete 64, na wazee hawakuonei huruma. Lakini zaidi ya yote tafuta kitu cha kukutoa jasho. Mtu anayekaa saa nane kwenye kiti, anakula rolex, chapati ya mayai, usiku wa manane na kulala jua likichomoza, mgongo na tumbo vitamwambia ukweli kabla ya miaka mitano. Mpira wa Jumapili ungetosha, ila mashindano makubwa ya mtandaoni ni Jumapili. Yanaanza kwa saa za Ulaya, kwetu ni saa mbili au tatu usiku, na ukifika mbali unamaliza alfajiri. Wenzako wanaamka kwenda kazini, wewe unafunga mapazia.

Upweke huo hausemwi vya kutosha. Marafiki zako wa mchana wanakuwa hawakupati, marafiki zako wa usiku ndio haohao unaotaka kuwala. Na kuna jambo la heshima. Siku ya kwanjula, sherehe ya kutambulishwa kwa wakwe, msemaji wa upande wa msichana atauliza, mbele ya mahema mawili ya watu waliovaa kanzu na gomesi, kijana wenu anafanya kazi gani? Msemaji wako atasema nini? Nimewahi kusikia "mshauri wa masuala ya fedha" na watu wakaguna. Mwenye nyumba anauliza swali hilohilo, afisa wa benki pia, na wote wanataka karatasi ya mshahara ambayo huna.

Halafu miaka arobaini. Utasikia habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia mashindano ya dunia ya 2003 kwa tiketi aliyoipata mtandaoni kwa chini ya dola 100, akawashinda washiriki 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Ni kweli tupu, na imeharibu kazi za watu wengi. Nakuomba uweke kando yake habari mbili. Stu Ungar alishinda mashindano hayo mara tatu, 1980, 1981 na 1997, na ushindi wa mwisho ulikuwa wa dola milioni moja. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika hoteli ya bei rahisi Las Vegas, na pesa zilikuwa zimekwisha. Dawa za kulevya na kubeti vilikuwa vimemmaliza. Ya pili haina kifo. Daniel Negreanu, mmoja wa mafundi wakubwa, mwaka 2017 alikusanya zawadi za karibu dola milioni 2.8 na bado akatangaza mwenyewe kwamba amemaliza mwaka na hasara, kwa sababu viingilio vilizidi zawadi. Orodha za washindi huandika walichopata, hazionyeshi walichotoa.

Wengine huondoka wakiwa wima. Vanessa Selbst alikuwa mwanamke aliyeshinda pesa nyingi kuliko wote katika mashindano, akaacha na kwenda kufanya kazi katika kampuni ya uwekezaji. Liv Boeree, mshindi wa mashindano ya poka ya San Remo 2010, alisomea fizikia, na alipostaafu alikuwa na mambo mengine ya kufanya. Angalia walichokuwa nacho: elimu, au fani, au watu waliowafahamu kabla ya karata. Wewe una forodha. Unajua nyaraka, unajua mawakala wa pande zote mbili za mpaka, na unajua kusubiri lori siku tatu bila kupandwa na wazimu, sifa ambayo mezani ina thamani kuliko unavyofikiri. Ukikaa nje ya kazi hiyo miaka mitano, nani atakupokea?

Mchezo wenyewe nao hausimami. Mwaka 2017 programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iitwayo Libratus iliwapiga wachezaji wanne wa kulipwa, mmoja mmoja, katika migao 120,000. Mwaka 2019 nyingine, Pluribus, ilifanya hivyo kwenye meza ya watu sita. Sasa programu za kukokotoa mchezo sahihi zinauzwa kwa yeyote mwenye kompyuta nzuri, na kijana wa Brazili au Urusi anasoma nazo kila asubuhi kabla ya kukutana nawe usiku. Tovuti zinafukuza roboti, roboti nyingine zinakuja. Kama ningeanza leo ningeihesabu poka ya mtandaoni kama shule, na pesa ningeitafuta mezani ana kwa ana, nikiwa na kazi nyingine.

Kuna pesa nyingine unayoiacha bila kuiona. Kila mwezi mwajiri wako anakuwekea NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ya mshahara juu ya asilimia 5 yako. Mchezaji hawekewi na mtu. NSSF siku hizi inapokea akiba ya hiari, na hati fungani za serikali zinaanzia shilingi 100,000, kwa hiyo njia ipo. Lakini ni mwezi gani mtu aliyepoteza blaindi 900 atakumbuka hati fungani?

Fanya hivi. Baki Malaba. Fungua daftari, tarehe, saa ulizokaa, kiingilio, ulichotoka nacho, na usiruke siku mbaya. Tenga mtaji wa poka kwenye laini ya simu isiyo ya matumizi ya nyumbani, na ukiisha, umeisha. Siku utakayokopa SACCO au kwenye zile programu za mikopo ili urudi mezani, hiyo siyo poka tena, na unapaswa kumwambia mtu wa nyumbani usiku huohuo. Usinunue kozi ya mtu yeyote kwa sasa. Cheza Jumamosi zako, na jioni mbili za wiki fungua meza mbili ndogo za mtandaoni, kwenye kompyuta na siyo simu, ili upate rekodi ya kila mgao.

Ukifikisha migao 100,000 na bado uko juu, una mtaji wa viingilio 40 na akiba ya miezi sita, niandikie tena na uambatishe hilo daftari. Na hata hapo nitakuuliza kwanza kama ofisi yako inakubali zamu, ili upunguze siku za kazi badala ya kuaga.